Gauni la Arusi Likae Nyumbani

Katika parokia zetu, kutoka Rutshuru hadi Goma, wako wakristu walioishi pamoja miaka saba, kumi, hata kumi na mitano. Wamezaa, wamelea, wamekimbia vita pamoja na kurudi pamoja. Kila dominika wanakuja misa, na wakati wa komunyo wanabaki kwenye benchi huku watoto wao wakipita mbele yao. Ukiwauliza kwa upole ni kwa nini hawajafunga ndoa takatifu, si wengi watakaotaja kizuizi chochote cha Kanisa. Mahari imekwisha kutolewa, au sehemu yake kubwa. Padri yupo. Jibu linalokuja, tena kwa sauti ya chini, ni moja: «Hatujajiandaa.» Ukilichimbua neno hilo utaona kwamba halihusu katekesi. Lahusu ukumbi, vinywaji, sare za wasimamizi, na kwa upande wa mwanamke, kabla ya vyote hivyo, gauni.

Nitasema juu ya gauni peke yake. Ukumbi na vinywaji vimekwisha kupata wahubiri wa kutosha. Gauni huachiwa wanawake, kana kwamba ni jambo dogo la kabati na kioo, na kwa hiyo hatujiulizi limekaa wapi katika safari ya kwenda altareni. Maoni yangu ni kwamba limekaa mlangoni, mahali ambapo Kanisa halikuliweka. Na kwa kuliondoa pale hatuna haja ya kulidharau. Tulirudishe nyumbani: lipimwe nyumbani, lifuliwe na kutunzwa nyumbani, na liwe mali ya wengi wanaofahamiana kuliko kuwa bidhaa ya kukodi kwa siku moja.

Tuanze na sheria, kwani wengi wanadhani ipo. Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa yafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ukubali wa watu wawili wenye haki ya kuoana, ulioonyeshwa kihalali. Kanuni ya 1108 yadai ukubali huo utolewe mbele ya mhudumu mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Mavazi hayatajwi. Rangi nyeupe yenyewe haikutoka Roma. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, bibi arusi alivaa vazi lake bora, la rangi yoyote aliyokuwa nayo. Malkia Victoria wa Uingereza, aliyeolewa tarehe 10 Februari 1840 akiwa amevaa satini nyeupe na lesi, ndiye aliyeipa namna hiyo sifa kubwa. Matajiri wakamfuata, kisha wasio matajiri, nayo ikavuka bahari pamoja na wakoloni na picha zao. Malkia huyo hata Mkatoliki hakuwa.

Sisemi hivyo ili kuwavua binti zetu nyeupe. Nyeupe tunayo tangu zamani za mbali kuliko malkia yeyote, maana kila mbatizwa huvikwa kitambaa cheupe siku anapozaliwa upya. Kitabu cha Ufunuo, sura ya 19, chamwonyesha bibi arusi wa Mwanakondoo amevikwa kitani safi, na chenyewe chaeleza kwamba kitani hicho ni matendo ya haki ya watakatifu. Kuhusu lile vazi la arusi katika mfano wa Mathayo, sura ya 22, Mtakatifu Augustino alipohubiri alisema kuwa ni upendo. Kwa hiyo mwanamke anayekuja altareni amevaa kitenge safi, naye amebatizwa na anampenda mume wake, hakosi vazi.

Papa Fransisko aliliona jambo hili akiwa mbali na Kivu. Katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 212, anaeleza kwamba maandalizi ya karibu ya ndoa hukazia mialiko, mavazi na karamu, mambo yanayomaliza fedha, nguvu na furaha, hata wachumba wakafika siku yenyewe wakiwa wamechoka. Kisha anataja jambo linalotugusa hasa: kwamba wako wanaoishi pamoja ambao hawafiki kamwe kufunga ndoa kwa sababu ya gharama za sherehe. Mafundisho hayo yanarudiwa katika semina zetu. Lakini semina huishia kwenye shauri la jumla, «punguzeni gharama», na shauri la jumla halimvishi mtu. Binti anarudi nyumbani na swali lake lile lile: siku hiyo nitavaa nini?

Anachovaa, mara nyingi, ni gauni la kukodi. Mjini Goma wako wakodishaji wa magauni, na bei, kama bei nyingi za mji huu, hutajwa kwa dola. Juu ya kodi kuna dhamana inayorudishwa ikiwa gauni limerudi bila doa wala mpasuko. Kwa familia ya Rutshuru, Kiwanja au Rubare kuna pia barabara: kilometa kama sabini kwenda na sabini kurudi, mara ya kwanza kuchagua, mara ya pili kuchukua, mara ya tatu kurudisha. Mabenki ya Goma yalipofungwa mwanzoni mwa mwaka 2025 na fedha taslimu zikawa adimu, dhamana hiyo ilizidi kuwa mzigo, kwa kuwa ni fedha inayolala bure mikononi mwa mtu mwingine. Siwalaumu wakodishaji. Wanatafuta riziki kama sisi sote, na gauni likiharibika hasara ni yao. Ila kitu cha kukodi kina tabia yake, na tabia hiyo huingia hadi kanisani.

Mtazameni bibi arusi aliyevaa dhamana ya baba yake. Anashuka kwenye gari akiuangalia udongo wetu mweusi, vumbi la lava ambalo likishika kitambaa cheupe halitoki kwa kupanguswa. Mtoto wa dada yake anamkimbilia amkumbatie. Mtu anamdaka mtoto kabla hajafika, kwa kuwa ameshika andazi. Bibi yake aliyemlea ananyoosha mikono, nao wasaidizi wanamwomba asubiri picha zimalizike. Karamuni bibi arusi hali mchuzi. Na pale wanaofunga ndoa ni wazazi tayari, kama ilivyo kwa hao ninaowasemea, anayezuiwa asimguse ni mtoto wake mwenyewe. Nimeyaona haya mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na kila mara nimejiuliza tumeweka nini kati ya mama na mtoto siku ambayo nyumba yao inabarikiwa.

Tabia nyingine ya gauni la kukodi ni haraka ya kulipima. Binti huingia nyuma ya pazia, wengine wakisubiri zamu, zipu inapanda au haipandi, anaambiwa amependeza. Robo saa imetosha. Nyumbani ni jambo jingine kabisa, na hapa niruhusiwe kukaa kidogo, maana wanaume wengi wanaoamua bajeti za arusi hawajawahi kuingia katika chumba hicho wala hawajui kinachofanyika humo.

Mlango unafungwa. Shuka safi linatandikwa chini, kwa sababu sakafu zetu ni za udongo, saruji yenye vumbi, au mbao kama nyumba nyingi za Goma zilizosimama juu ya lava. Binti ananawa mikono na miguu, hapaki mafuta wala rangi ya midomo, na anafunikwa uso kwa kitambaa chepesi wakati gauni linapopita kichwani. Anavaa viatu vilevile atakavyovaa siku hiyo, kwa kuwa pindo hupimwa kwa kiatu. Kisha wanawake wanamwamuru kama mwalimu wa mazoezi. Keti kwenye kigoda. Piga magoti, inuka bila kushikwa. Inua mikono miwili, kama wakati wa Baba Yetu. Rudi nyuma hatua mbili. Cheza. Naam, cheza, kwa sababu sisi tunasali kwa taratibu ya misa iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya nchi yetu, na humo waamini hawasimami kama nguzo. Gauni lisiloruhusu kucheza wakati wa Utukufu au wa kupeleka vipaji limeshonwa kwa ajili ya misa ya watu wengine. Panapobana, pini inaingia. Panapoburuta, pindo linapandishwa upana wa vidole viwili.

Wakati pini zinaingia, maneno nayo yanatoka. Shangazi, ambaye katika desturi za Bwisha na za majirani zetu wengi ndiye mshauri wa bibi arusi, huuliza pale maswali ambayo hayaulizwi mbele ya wazee wa mahari. Anakupiga? Anakunywa? Fedha zake unaziona? Unamtaka wewe, au wanamtaka baba zako? Nimetaja juu kanuni ya ukubali. Ukubali wa hiari ndio ndoa yenyewe, na padri ana saa moja au mbili za mahojiano kuutafuta. Msichana aliyesukumwa aweza kuyajibu mahojiano hayo kwa adabu yote, «ndiyo, padri», na padri mwema asitambue kitu. Mbele ya shangazi aliyepiga magoti akimpima kiuno ni vigumu zaidi. Mwili umekonda tangu posa, au machozi yanatoka bila sababu, au tumbo limeanza kukua. Heri shangazi alijue kabla ya jirani. Shangazi mwenye hekima husimamisha kazi, huweka pini chini, na arusi huahirishwa. Hakuna mkodishaji anayeweza kufanya kazi hiyo, wala hatujamwomba aifanye.

Kuna jambo moja la wanaume ambalo hunichekesha. Bwana arusi huazima suti ya kaka yake, au koti la rafiki na suruali ya rafiki mwingine, na hakuna anayenong'ona. Tai ni ya mjomba. Anapongezwa kwa busara. Bibi arusi akiazima gauni la jirani, mtaa mzima hulitambua kwa lesi yake kabla hajafika kwenye mimbari. Aibu hiyo hatukuipata katika Injili wala katika desturi za mababu, ambao walikuwa wakiazimana hata ng'ombe wa mahari.

Nasema haya nikijua tumetoka wapi. Mwishoni mwa Oktoba 2022 watu wa Rutshuru na Kiwanja walifunga godoro, sufuria na bido la maji, wakashika barabara ya Goma. Kati ya mwaka huo na mwanzo wa 2025, Kanyaruchinya, Bulengo na Rusayo zilijaa turubai. Februari 2025 kambi zilibomolewa na wengi wakarudi, wakakuta nyumba tupu au kuta bila bati. Gauni la arusi halibebwi katika safari ya namna hiyo. Mama aliyekuwa amelihifadhi lake tangu alipoolewa, akitumaini binti yake atalivaa, aliliacha kabatini, na kabati lilikwenda na nyumba. Ndiyo maana siwezi kuungana na wale wanaowacheka wasichana wetu kwamba wanapenda makuu. Binti aliyekaa chini ya turubai, akipanga mstari kwa ajili ya maji, akivaa alichopewa, anapotamani siku moja tu avae kitu kizuri kilichopimwa kwa mwili wake, anatamani heshima. Mungu aliyewavika maua ya kondeni hawezi kuikasirikia tamaa hiyo.

Lakini pia tunao ushahidi wetu wenyewe kwamba sakramenti haisubiri vitu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Ndoa za jimbo hazikusimama mpaka lijengwe jingine. Zilifungwa katika makanisa mengine, na wanandoa wa mwaka huo leo wana watoto waliokwisha kuoa. Kama hatukumsubiri askofu apate kanisa kuu, kwa nini mama wa watoto wanne asubiri mita tano za satini?

Yapo pia masengenyo, na hayo huzuia watu wengi kuliko fedha. Inasemwa kwamba nyeupe ni ya bikira, na mwanamke aliyekwisha kuzaa akiivaa amedanganya altare. Masengenyo hayo humwacha mwanamke bila njia: akivaa nyeupe anachekwa, asipovaa anahesabiwa maskini au mwenye dhambi aliyetangazwa. Wapo waliorudi nyuma kwa ajili hiyo tu. Nasema wazi: Kanisa halikuandika sharti hilo popote. Aliyeungama na kupokea maondoleo amefuliwa, na nyeupe ya ubatizo wake haikuondolewa kwa kuwa amepata watoto. Kina mama wanaoketi benchi za mbele wawe wa kwanza kuyakata maneno haya yanapoanza, kwani kwao ndiko yanakoanza.

Wengine husema: basi wote wavae kitenge. Kitenge ni kizuri, na siku ya kutoa mahari hakuna kinachokishinda, labda umushanana. Hata altareni nimeona bibi arusi wa kitenge aliyewapita wa satini wote. Ila tujihadhari. Mara nyingi katika misa ya kubariki ndoa nyingi kwa pamoja, wenye uwezo huja na magauni meupe na wasio na uwezo huja na kitenge, nao hupangwa mstari mmoja. Hapo kitenge kimegeuka sare ya umaskini, na kila macho kanisani yanasoma nani ni nani. Tukitaka kitenge kiheshimiwe, wakianze wenye uwezo wa kuvaa satini.

Ninachopendekeza ni kidogo. Jumuiya ndogo za kikristu, tunazoziita mashirika, huwa na sufuria kubwa na viti vinavyozunguka kutoka msiba hadi msiba. Tunajua kumiliki pamoja vitu vya kilio. Tumiliki na vya arusi. Kila shirika, au mashirika mawili yaliyo jirani, liwe na gauni moja jeupe na shela yake, kwa mchango mdogo wa mwezi, kama wanawake wetu wanavyofanya katika likelemba. Kitambaa kinapatikana Birere, na mafundi wa cherehani tunao hadi Kiwanja.

Gauni hilo lishonwe likijua kwamba litavaliwa na miili mingi. Mgongoni lisiwe na zipu bali matundu na kamba za kukaza, ili limkae mwembamba na mnene. Ndani ya mishono fundi aache kitambaa cha kutosha, sentimeta tatu au nne, cha kufungulia siku ya haja. Pindo liwe pana, tena lishonwe kwa mkono, ili liweze kushushwa kwa mrefu na kupandishwa kwa mfupi bila kuacha alama. Mikono ifike kwenye kiwiko. Mkia usiwepo; katika udongo wetu mkia wa gauni ni ufagio. Shanga zishonwe kwa uzi zisibandikwe kwa gundi, kwa sababu gundi hufa katika maji. Na kitambaa kiwe cha poliesta nzuri, kwani hariri haitaki maji na sisi hatuna fundi wa kuifua.

Kisha utunzaji, ambao ndio utakaoamua kama gauni litavisha wanawake watatu au thelathini. Usiku ule ule wa arusi, au kesho yake asubuhi, litandazwe kwenye mwanga na kukaguliwa, kuanzia pindo. Tope lisiguswe likiwa bichi. Likauke kwanza, lipukutishwe kwa brashi laini, ndipo maji yafuate. Doa la damu lapenda maji baridi. Doa la soda ndilo la hila: likikauka halionekani, na baada ya miezi sukari hugeuka kahawia pale pale mlipodhani ni safi. Kwa hiyo gauni lifuliwe hata kama linaonekana halina kitu, katika beseni kubwa, kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, likikandwa polepole bila kusuguliwa. Javeli marufuku. Maji ya mvua yanayotoka kwenye bati zetu yaweza kuwa na majivu ya volkano. Yaachwe yatulie na kuchujwa kwa kitambaa kwanza.

Gauni lililolowa ni zito, na likitundikwa kwa mabega mishono hunyooka na kukatika. Lilazwe juu ya shuka kivulini, mbali na jiko la makala, maana moshi huingia katika lesi na hautoki. Pasi ya makala ndiyo adui mkubwa: cheche moja, au joto kidogo tu kupita kiasi, na satini imeyeyuka. Anayepiga pasi aligeuze gauni ndani nje, aweke kitambaa cha pamba katikati, aijaribu pasi kwanza kwenye ukingo wa ndani. Wakati wa kuhifadhi, pini zote zitolewe, kwani hushika kutu. Lisifungwe katika mfuko wa plastiki. Hewa ya Rutshuru ina unyevu, na unyevu ukifungiwa huzaa ukungu. Lizungushiwe shuka kuukuu la pamba, liwekwe katika sanduku lililoinuliwa kwa mawe, mchwa na panya wasilifikie. Kila mwezi wa pili lifunguliwe, lipigwe hewa kivulini, likunjwe upya kwa mikunjo tofauti, ili mkunjo mmoja usikate nyuzi.

Mtunzaji awe mama aliyechaguliwa na wanawake wenyewe. Asiwe kiongozi wa shirika, maana ufunguo wa sanduku utageuka ufunguo wa mambo mengine. Nasisitiza hili kwa kuwa nawajua watu wetu, mimi nikiwa mmoja wao: siku moja mtu atanyimwa gauni kwa sababu hakumaliza mchango, au kwa sababu mama yake aligombana na fulani kisimani. Litolewe kwa kila mkristu anayefunga ndoa, bila dhamana. Anayelivaa alete sabuni. Akilichana alete uzi. Na kabla ya kukabidhiwa, kipimo kifanyike nyumbani kwake, mlango umefungwa, shangazi yupo.

Najua pingamizi moja litakuja, tena litatoka kwa wasali wazuri: gauni likivaliwa na mwanamke ambaye ndoa yake ilivunjika, au aliyefiwa upesi, litabeba mkosi kwa atakayefuata. Nawaomba wanaosema hivyo waiangalie stola ya padri. Stola ile ile, altare ile ile, kalisi ile ile zimehudumia ndoa zilizodumu na zilizovunjika, na hakuna anayeziogopa. Katika daftari la gauni yaandikwe majina yote na tarehe zote, la mjane pia, ili bibi arusi anayelivaa asome ni nani waliomtangulia na aweze kuwaombea.

Siku itafika ambapo kitambaa kitachoka kwapani na kwenye pindo, hata kisiweze kushonwa tena. Lisitupwe wala kuuzwa. Wanawake wakutane na mkasi. Ukanda wa chini uliobeba tope la arusi nyingi ukatwe na kuwekwa kando. Juu yake, sketi pana ya satini hubaki nzima kabisa, na mtu akiipima vizuri hutoa vitambaa kumi au zaidi vya ubatizo, kila kimoja dhiraa moja kwa upana, na shela ikabaki kwa wasichana wa komunyo ya kwanza.